EOF haimo ndani ya faili

Nimesikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha wenzake, kwamba kila faili hufungwa kwa "herufi ya EOF" (end of file, mwisho wa faili). Hapana. EOF ni jibu: programu imeomba data, ikaambiwa hakuna iliyobaki.

Dhana ya herufi haikuzuka hewani. Katika CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta wa miaka ya 1970, ukubwa wa faili ulihesabiwa kwa vipande vya baiti 128, si baiti mojamoja. Maandishi yakiisha katikati ya kipande, mfumo haukujua yameishia wapi, kwa hiyo ikawekwa baiti namba 26, yaani Ctrl-Z. MS-DOS, mfumo endeshi uliofuata, iliirithi desturi hiyo, ingawa yenyewe ilitunza ukubwa kamili wa faili. Kwenye Unix, mfumo endeshi mwingine, hakuna baiti ya namna hiyo. Hata Ctrl-D unayobonyeza haifiki kwenye programu. Inaiagiza terminali ikabidhi kilichokwisha kuandikwa. Kama hakuna kitu, `read`, ombi la programu la kusoma data, hurudisha 0, na sifuri hiyo ndiyo mwisho wenyewe.

Katika lugha ya programu ya C, EOF ni namba hasi, kwa kawaida -1. Ndiyo maana `getchar`, inayosoma herufi moja, hurudisha `int`, yaani namba kamili pana kuliko baiti: baiti zote, 0 hadi 255, ni data halali, na jibu la "hakuna tena" lazima likae nje yake. Ukilipokea kwa `char`, yenye nafasi ya baiti moja tu, kwenye mashine nyingi baiti 255 itafanana na EOF, na programu itaiacha faili njiani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni `while (!feof(f))`, yaani "rudia maadamu `feof` haijasema faili imekwisha". Watu huisoma kana kwamba `feof` huchungulia mbele. Haichungulii! Hueleza tu kama usomaji uliokwisha kufanyika uligonga mwisho. `eof` ya Pascal, lugha nyingine ya programu, ndiyo hujibu kabla ya kusoma, na aliyeizoea hiyo ana haki ya kutegemea vivyo hivyo. Katika C, mazoea hayo huufanya mstari wa mwisho ushughulikiwe mara mbili, na mtu akahangaika kutafuta kosa kwenye faili isiyo na kosa lolote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, soma kwanza, kisha pima jibu la usomaji huohuo: `while (fgets(...) != NULL)`, yaani rudia maadamu `fgets` imepata mstari. `feof` iite baada ya kitanzi kukatika, ikuambie kama data imekwisha au kama kuna hitilafu ya kuulizia kwa `ferror`.