Eti pensheni jamii inazalisha wavivu

Barazani kwetu yupo bwana mmoja, kahawa haijapoa keshasema: pensheni jamii ya Zanzibar, zile fedha za kila mwezi Serikali inazowapa wazee, inafundisha watu uvivu. Haya, tumtazame huyo mvivu. Kwanza sharti afikishe miaka 70. Yaani kachuma karafuu, kavua pweza, kalea watoto na wajukuu, na sasa magoti hayakunjiki, ndipo aanze masomo ya uvivu! Mpango ulipoanza Aprili 2016 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30: haifiki shilingi 670. Starehe gani hiyo, labda ya vikombe viwili vitatu vya kahawa.

Wengine huiita sadaka. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji. Hii inatoka kwenye bajeti ya Serikali, na hupewa mwenye nacho na asiye nacho, aliyewahi kuajiriwa na asiyewahi. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 22, linasema hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu.

Na bwana wetu? Mstaafu wa serikali. Kiinua mgongo chake alikihesabu mara tatu, uvivu hakuuogopa.