Acheni Kuisingizia Injini ya Keekee

Msimu wa barafu ukishachanganya, keekee za injini, zile mashine za kutoboa barafu ya ziwa ili kuvua samaki, zinaanza kuletwa mezani kwangu na maelezo ni yaleyale: "Fundi, injini imechoka, haina nguvu kama mwaka jana. Bora ninunue yenye cc nyingi zaidi." Navuta kamba, inawaka. Napiga resi, inaitika. Nageuza keekee juu chini, napitisha ukucha kwenye makali ya visu, ukucha unateleza bila kukwaruzwa. Injini haina kosa lolote, na mwenyewe ameshapanga kutoa hela ya mashine mpya ambayo nayo, visu vikishachoka, ataileta hapahapa na maelezo hayohayo.

Basi tuelewane. Injini inazungusha tu. Barafu inakatwa na visu viwili vidogo vilivyofungwa kwa skrubu mwishoni mwa parafujo, yaani ule mhimili uliojisokota unaoingia kwenye barafu, na bei yake ni chembe tu ya bei ya injini. Keekee ya mkono yenye visu vipya inatoboa sentimita 20 za barafu huku jirani mwenye cc 50 na visu butu bado ananguruma palepale, amezungukwa na unga mweupe.

Huo unga uangalieni vizuri. Kisu kikali hutoa vipande bapa vinavyoonekana kwa macho. Kisu butu hutoa unga laini, kwa sababu hakikati tena, kinasaga. Dalili nyingine ni mwili wako mwenyewe: ukijikuta umeegemea mpini kwa kifua ili mashine iteremke, visu vimekwisha. Keekee yenye makali hushuka kwa uzito wake, na kazi yako inabaki kuishikilia isije ikakuzungusha wewe. Ukiikandamiza, injini inazidiwa, klachi inateleza na kupata joto, na hapo sasa ndipo unapoanza kuiharibu kweli ile injini uliyokuwa unaisingizia.

Kinachoniudhi kuliko yote, lakini, ni tupa. Mtu akiambiwa visu ni butu, anachukua tupa, anakaa jioni nzima anasugua mpaka makali yanang'aa na kukata karatasi. Kesho yake keekee inazunguka juu ya barafu bila kung'ata hata kidogo, na anarudi sasa akiwa na uhakika kamili kwamba ni injini. Aliyewahi kushika randa ya seremala atanielewa haraka. Kwenye randa, ukali wa kisu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kimechomoza kiasi gani na kimelala kwa pembe ipi. Kisu cha keekee kinafuata sheria hiyohiyo. Ncha ya makali lazima iwe ya kwanza kugusa barafu, na mgongo ulio nyuma yake uwe umeinuka kidogo kuipisha. Ukinoa upande wa chini kwa pembe iliyosimama kuliko ile ya kiwandani, unaimaliza ile nafasi. Mgongo ndio unaotangulia kugusa, makali yanabaki yanaelea juu yake, na kisu kinachokata karatasi kinashindwa na barafu. Unene wa unywele unatosha kuleta tofauti hiyo.

Tena vipo viwili. Ukikinoa kimoja kuliko mwenzake, kimoja ndicho kitakachofanya kazi yote, keekee itayumba na shimo litapinda. Kwa hiyo visu hubadilishwa kwa jozi, na jozi haichanganywi. Ninaposema hivi huwa naulizwa, "Kwa hiyo haiwezekani kunoa kabisa?" Inawezekana. Watengenezaji wengine hupokea visu na kuvinoa kwa mashine inayoshika pembe. Na kuna wavuvi wa siku nyingi wanaonoa kwa mkono kwa jiwe laini, na visu vyao vinakata. Nimewatazama wakifanya, na kusema kweli siwezi kukueleza siri yao zaidi ya kwamba wanagusa kidogo sana na wanaacha mapema. Mimi hununua vipya.

Aina ya visu ni jambo linalojadiliwa kwa kelele kuliko linavyostahili. Vile vyenye makali laini yaliyonyooka au kupinda hukata haraka kwenye barafu safi, ila havipendi mchanga, na ukiviingiza kwenye shimo la zamani lililoganda upya vinakwama na kurusha mpini. Vile vya kuvunjavunja hupiga kelele na kutikisika zaidi, lakini vinavumilia uchafu na vinafungua shimo la zamani bila ugomvi. Chagua kwa jinsi unavyovua. Vyovyote vile, kugusa changarawe ya chini ya ziwa mara moja tu kunatosha kuvimaliza, kwa hiyo kwenye kina kifupi punguza mbio kabla hujatokea upande wa pili.

Halafu kuna visu vinavyohukumiwa bure. Umetoboa shimo la kwanza vizuri, umeitoa keekee ikiwa imelowa, umeiegemeza kwenye sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya barafu, kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji yaliyobaki kwenye makali yameganda. Shimo la pili inateleza, na wewe unaanza kuigonga keekee kwenye barafu ili lile ganda lidondoke. Usigonge! Kugonga kunapinda vikalio vya visu, yaani pale visu vinapofungwa. Vikipinda kuelekea juu, visu having'ati. Vikipinda kuelekea chini, vinang'ata kupita kiasi, mashine inaruka, injini inazimika ghafla, na tunarudi kulekule kwa "injini haina nguvu". Piga resi mara moja keekee ikiwa inatoka shimoni ili irushe maji, uvike visu kifuniko chake. Vikishaganda, vichovye kwenye maji ya ziwa kupitia shimo ulilonalo. Maji hayo, hata yakiwa karibu na sifuri, yana joto kuliko chuma chako.

Kuhusu ukubwa, watu hujadili cc na kusahau kipenyo. Shimo la inchi 8 lina eneo la inchi za mraba 50 hivi. La inchi 10 lina 78 na ushee. Umeongeza inchi mbili tu, lakini barafu ya kuondoa imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na parafujo nayo imekuwa nzito. Kwa samaki wadogo inchi 6 inatosha, na hapo injini ya cc 33 inacheza tu. Cc 40 na kitu nawashauri wanaotaka inchi 10 kwenye barafu nene, mfano maziwa ya Manitoba kule Kanada mwishoni mwa majira ya baridi. Anayevua mwanzoni mwa msimu, barafu ikiwa sentimita 10 hadi 20, hata simshauri petroli. Drili ya betri na parafujo nyepesi zitamtosha na mgongo wake utamshukuru. Najua najinyima kazi.

Injini yenyewe, kwa haraka. Ya mipigo miwili inataka oili ndani ya petroli kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu chake: 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita, 40 kwa 1 ni 25. Kuongeza oili "kwa usalama" kunachafua plagi na sailensa, na kunapunguza petroli ndani ya mchanganyiko, yaani injini inapata petroli pungufu bila wewe kujua. Ya mipigo minne haichanganywi, lakini oili yake iwe nyepesi ya baridi, na usiilaze upande wowote tu kwenye gari, kwani oili itaingia kwenye silinda na chujio la hewa. Nyingi zina upande unaoruhusiwa na kitabu kimeuonyesha. Na usiwashe aina yoyote ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake, haina harufu.

Petroli inahitaji neno zaidi. Nchi zenye majira ya baridi huuza petroli ya kiangazi na ya baridi tofauti. Ya baridi huvukizwa kirahisi zaidi, na mvuke ndio unaowaka. Ukiweka dumu la Julai ukalitumia Januari, utavuta kamba mpaka bega liume na kabureta haina kosa. Petroli yenye ethanoli nayo hunyonya unyevu na kuchosha diaframu za kabureta, vile viwambo laini vya ndani yake, kwa hiyo tafuta isiyo nayo ukiweza. Hewa ya baridi kali pia ni nzito, hivyo injini iliyorekebishwa gereji penye joto inaweza kukosa petroli ya kutosha ikifika ziwani. Ukisikia inapiga resi za juu kwa sauti nyembamba halafu inafifia ukiibebesha kazi, nitakubali: hiyo ni injini.

Mwisho wa msimu, je, umwage petroli au uache tangi limejaa na dawa ya kuhifadhi? Mafundi tunabishana. Ukimwaga na kuiacha injini iwake mpaka izimike, hakuna utomvu wa kuziba kabureta, lakini diaframu zinakauka na kukakamaa. Ukiacha imejaa, diaframu zinabaki laini, ila ukikosea dawa utafungua kabureta Desemba. Mimi humwaga zenye petroli ya ethanoli, nikaacha zenye petroli safi zikiwa zimejaa, na nimeona njia zote mbili zikifanikiwa na zikifeli.

Visu navyo vifungue, vifute, vipake oili, vifunge kwenye kitambaa. Jozi ya akiba ikae kwenye sanduku la nyavu na ndoano pamoja na spana inayotosha skrubu zake kabisa, maana skrubu za visu zikishaliwa kichwa kwenye baridi kali, hazifunguki ziwani.