Diski ya Linux ikigoma kwenye Windows haijafa, acheni kubonyeza Format

Jamani hili nimelisema sana mpaka nimechoka, kila wiki lazima aje mtu nalo. Mtu anatoa diski kwenye mashine ya Ubuntu, anaichomeka kwenye Windows, kinatokea kile kibao cha kusema diski ifomatiwe kwanza ndo itumike, basi anaamini imekufa au imeingia virusi, anabonyeza Format.

Ukweli ni kwamba Windows yenyewe haisomi ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), basi. Inakuta mpangilio wa mafaili isioujua, na badala ya kusema hivyo inakwambia ufomati, kile kibao kinanikera kupita kiasi kwa sababu kimeshapoteza kazi za watu wengi mno.

Juzi kaja dada mmoja na eksteno ya tera 1, picha za harusi za wateja wake zote zimo, na fundi wa kwanza alishamwambia anunue nyingine. Nikaichomeka kwenye laptop yangu ya Linux nikaandika `lsblk -f` (inaorodhesha diski na mipangilio yake), ikaja sdb1 (jina Linux iliyoipa partishoni yake), ext4, na lebo PICHA aliyoiweka mwenyewe. Nikaendelea na `sudo mount -o ro,noload /dev/sdb1 /mnt` halafu `ls /mnt`, mafolda yakashuka moja moja na majina ya maharusi, dada wa watu akakaa chini kabisa. Hiyo ro ni kusoma tu, na noload inazuia jeno (daftari la ext4 la mabadiliko ambayo hayajakamilika) isichezwe, yaani isiandikwe upya kwenye diski, maana wengi hawajui kwamba ext4 hata ukiimaunti (ukiifungua) kwa ro inaweza kuandika kwenye diski kama haikufungwa vizuri. Mimi diski ya mtu siigusi bila hizo mbili.

Kama huna Linux, kwenye Windows 11 fungua PowerShell kama administrator, kuna `wsl --mount` (WSL ni Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), ila haikubali diski ambayo Windows yenyewe imewakia. Na kama ulishafomati, ACHA, usikopi kitu chochote humo. Kufomati kwa haraka hakufuti data yote, kunaandika mpangilio mpya juu ya sehemu ya ule wa zamani, na ext4 inaweka nakala za superblock (maelezo makuu ya mpangilio wake) sehemu kadhaa, ya kwanza huwa bloku 32768 kama bloku ni za KB 4. Tengeneza kwanza kopi ya diski nzima kwa programu ya ddrescue, halafu `e2fsck -b 32768` (ya kukagua na kurekebisha ext4) uifanye kwenye kopi, sio kwenye diski yenyewe, nasisitiza. Kama ni SSD wahi zaidi, kufomati kunaweza kutuma TRIM (amri ya kuiambia SSD ifute nafasi zisizotumika) na hapo data inaondoka kweli.

Lingine ni "Linux imenilokia partishoni ya Windows, naona mafaili ila siwezi kuandika". Hapana, Windows ndo haikuzima. Tangu Windows 8 kuna Fast Startup, unabonyeza Shut down kumbe inalala nusu, na ntfs-3g (programu ya Linux ya kufungua NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows) ikikuta hali hiyo inakuachia kusoma tu ili isikuharibie. Rudi Windows, andika `shutdown /s /t 0`, imekwisha. Wanaokufundisha remove_hiberfile (opsheni ya kufuta faili la usingizi wa Windows) hawakwambii kwamba kazi uliyokuwa hujasevu inaenda na maji. Na ntfsfix ya Linux sio chkdsk (mkaguzi wa diski wa Windows)! Inarekebisha vitu vichache tu vya NTFS, ukaguzi wenyewe kaufanyie Windows.

Flashi kukataa muvi ya GB 5 wakati ina nafasi GB 20, sio mbovu wala sio feki, ni FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani, humo faili moja haliwezi kufika GB 4. Hamisha vitu vyako pembeni, ifomati exFAT, Windows, Mac na Linux mpya zote zinaisoma na kuiandika.

Mac nayo inasoma NTFS vizuri, kuandika ndo haiandiki, kwa hiyo msiseme diski imelokiwa.

Ukiona `lsblk -f` inasema BitLocker (diski imefungwa kwa siri na Windows), tafuta recovery key kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukiwa nayo, programu ya dislocker inafungua hata kwenye Linux. Bila key wala password yake hakuna komandi ya kukusaidia, na atakayekudai hela kwa kazi hiyo mkimbie.

Halafu prompt (mstari wa kuandikia komandi) ikirudi baada ya `cp` haina maana data yote imeshafika kwenye flashi, nyingine bado iko kwenye RAM. Andika `umount /mnt`, subiri irudi, ndo uchomoe.