Gharama ya mwanzo: kwa nini jua la bure halijafika kwenye mapaa ya Dar

Dar es Salaam tunaishi kwa kupima. Mafuta ya kula tunapimiwa ya mia tano, mkaa tunanunua kwa kopo, kifurushi cha simu ni cha siku moja, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tunaweka ya elfu mbili jioni kabla giza halijaingia. Si kwamba hatujui kuwa dumu zima lina nafuu. Tunajua vizuri sana. Fedha ya dumu zima ndiyo haipatikani kwa siku moja.

Umeme wa jua hauna kipimo cha mia tano. Tatizo lake kubwa linaanzia hapo, na lina jina: gharama ya mwanzo.

Maana yake ni fedha yote inayotakiwa itoke kabla kitu hakijaanza kukurudishia chochote. Ukivuta umeme wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, unalipia kuunganishwa, basi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, nguzo, transfoma ya mtaani kwenu, mafundi wanaopanda ngazi usiku wa mvua, vyote hivyo vimeshagharamiwa, nawe unavilipia kidogo kidogo kila unapobonyeza zile tarakimu 20 za LUKU. Ukifunga sola unageuka shirika lako mwenyewe la umeme. Mtambo uko juu ya bati lako, ghala ni betri iliyo chini ya meza, waya ni zako, na hitilafu ikitokea saa nne usiku ni ya kwako na fundi wako, kama atapokea simu. Unanunua umeme wa miaka 20 ijayo, na muuzaji wa Kariakoo anataka fedha yake leo.

Wengi hudhani kikwazo ni jua lenyewe au bei ya paneli. Jua tunalo. Hapa Dar kila mita moja ya mraba ya paa hupokea kwa wastani kama uniti 5 za nishati kwa siku, na mawingu ya masika tayari yamo ndani ya wastani huo. Paneli nzuri za leo hugeuza asilimia 20 hadi 22 ya nishati hiyo kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba inaweza kukupa kama uniti moja kwa siku kabla ya upotevu wa njiani. Bei ya paneli nayo imeshuka duniani kwa takriban asilimia 90 tangu 2010. Lakini nyumba haiendeshwi na paneli peke yake. Inataka betri, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kontrola ya kuchaji, waya nene, vyuma vya kufungia na fundi anayejua kazi, na hivyo vyote vina bei yake.

Tupige hesabu ya nyumba moja ya kawaida: friji ndogo, televisheni, feni moja, taa tano na simu za kuchaji. Hapo ni kama uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Kwa bei tulizozizoea miaka hii, mwenye matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo inafika kama 122. Yule wa bei ya kawaida hulipa 292, ambayo ikishabeba mizigo yake inakuwa kama 356. Ndiyo maana elfu moja yake haifikishi uniti 3. Uniti zilezile 60 zinamgharimu wa kwanza kama shilingi 7,300 kwa mwezi na wa pili kama 21,400.

Sasa chukua kila shilingi milioni moja inayoingia kwenye sola. Tuseme sola inafuta bili yote. Wa 21,400 atairudisha milioni yake kwa takriban miaka 4. Wa 7,300 atahitaji zaidi ya miaka 11. Na mfumo wa kubeba friji usiku kucha hauishii kwenye milioni moja.

Jambo hili napenda lisemwe waziwazi, maana wanaotuhimiza tufunge sola mara nyingi huliruka. Bei nafuu ya mtumiaji mdogo ni jambo jema na mimi nisingetaka iguswe. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye kipato kidogo wa mjini, aliyekwisha kuunganishwa, hana sababu ya kifedha ya kuweka sola. Mwanakijiji asiye na nguzo hata ya mbali analinganisha sola na mafuta ya taa na tochi za betri, na hapo sola inashinda mapema. Wa Buguruni anailinganisha na LUKU ya shilingi 122. Hao ni watu wawili wenye hesabu mbili tofauti, na ushauri mmoja hauwatoshi.

Hesabu ya mjini hubadilika siku ya mgao. Waliokuwepo 2006, 2011 na 2023 wanakumbuka muungurumo wa jenereta Kariakoo na harufu ya petroli kwenye kila korido. Kinyozi wa Manzese mashine yake inakula wati chache tu. Paneli moja ndogo na betri vinamtosha, na siku umeme umekatika mtaa mzima, yeye bado ananyoa. Hahesabu bei ya uniti, anahesabu vichwa ambavyo vingeondoka bila kunyolewa. Kwa biashara ya namna hiyo gharama ya mwanzo ni ndogo na inarudi haraka. Umeme ukitulia, hamu ya sola nayo hutulia.

Tatizo kubwa kuliko paneli ni betri. Jua la Dar huzama mapema, kati ya kama saa 12:10 na saa 12:45 jioni, mwaka mzima. Mtu wa Chanika au Mbagala anayetoka kazini Posta anafika nyumbani saa mbili usiku, na ndipo taa, televisheni na feni zinawashwa. Umeme ulitengenezwa saa sita mchana nyumba ikiwa tupu. Bila betri hauna kazi. Betri ya maji na ile tunayoiita kavu hazitaki kutumika zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ukizikamua hadi mwisho kila usiku, muda si mrefu unarudi dukani. Betri ya lithiamu inakubali kutumika asilimia 80 hadi 90, na huvumilia maelfu ya mizunguko ya kujaa na kuisha, ila bei yake ya kununulia ni kubwa. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hununua inayokufa mapema, na gharama ya mwanzo inamrudia tena na tena kama ada ya shule. Mwenye fedha hulipa mara moja. Hili linaniuma kuliko yote, maana asiyenacho ndiye anayeishia kulipa zaidi.

Mama yangu mdogo anauza juisi ya ukwaju na barafu Mbagala. Alikusanya fedha ya vikoba, akaenda mjini, akarudi na paneli yenye kibandiko cha wati 200, betri na inveta. Nilipofika nilimkuta kwenye kigoda, friza imefunguliwa, mifuko ya barafu imelegea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Jua linaniunguza mgongo, na friza haigandi."

Nilikuwa nimekuja na kijana fundi. Hakugusa waya hata mmoja. Alitoa futi, akapima kioo cha paneli: sentimita 120 kwa 54. Hiyo ni mita za mraba 0.65. Kila mita ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 jua likiwa kali kabisa, kwa hiyo ile, hata ingekuwa nzuri, ingetoa kama wati 130 tu.

"Mama, hii haifiki 200 hata ukiipeleka jangwani," alisema. "Dukani walipima?"

"Walinionyesha kibandiko."

Duka halikukubali kurudishiwa. Paneli feki au zilizoandikwa wati za uongo ni kikwazo kinachotajwa kila mahali, na Shirika la Viwango lina kazi yake hapo. Ila tazama jinsi kinavyobebwa na gharama ya mwanzo. LUKU ikikusumbua leo, umepoteza ya elfu mbili, kesho unaamua upya. Kwenye sola fedha yote imeshatoka siku ya kwanza, na hasara yote ni yako. Mtaa mzima ulimwona mama mdogo akianika barafu zilizoyeyuka. Majirani wangapi watapeleka fedha zao za vikoba Kariakoo baada ya hapo? Kabla ya kununua, nenda na futi. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 200. Kibandiko kikizidi sana jibu hilo, ondoka dukani.

Halafu kuna paa, na paa la Dar mara nyingi si lako. Mpangaji wa chumba na sebule analipa kodi ya miezi sita au mwaka, hajui kama atakuwepo mwaka ujao, na paneli ina umri wa miaka 20 na zaidi. Mwenye nyumba wa mama mdogo alimjibu kwa heshima tu: sola weka, bati langu usitoboe. Ana haki, tundu moja lisilozibwa vizuri, na masika yote dari linavuja. Yeye LUKU haimhusu, wapangaji ndio wanaolipa, basi hana cha kumsukuma aweke sola. Wapangaji wanalipa LUKU lakini bati si lao. Hakuna mwenye kosa, na paneli haifungwi. Kwenye maghorofa ya Kariakoo na Upanga mambo ni mabaya zaidi: familia kadhaa kila sakafu, paa moja, na paa lenyewe limejaa matangi ya maji na madishi, huku ghorofa la jirani likilikinga jua nusu ya siku.

Kivuli si jambo dogo. Vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfululizo, umeme unapita kwenye kimoja kwenda kingine. Kikizibwa kimoja na kivuli cha mnazi au nguo iliyoanikwa, vyenzake kwenye mstari ule hukwama, kama gari moja lililoharibika katikati ya njia ya Mandela linavyosimamisha yaliyo nyuma yake. Paneli nyingi zimegawanywa mafungu matatu yenye njia ya kukwepa, kwa hiyo kivuli cha ukubwa wa sahani kinaweza kukuondolea theluthi ya umeme. Joto nalo linakula. Wati za kibandiko hupimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, na juu ya bati la Dar mchana inafika 60 bila shida. Kila nyuzi moja inayozidi hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.5, na hapo umeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Acha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati.

Dawa ya gharama ya mwanzo ni kuigawa, yaani kuirudisha sola kwenye kupima. Kampuni za sola zimefanya hivyo Tanzania kwa miaka mingi: unalipa kianzio, unabaki ukilipa kidogo kidogo kwa simu, ukikwama mfumo unajifunga mpaka ulipe. Imewafaa wengi wa taa na redio. Kwa mfumo wa kubeba friza, mkopo wa miezi 12 ni mfupi mno kwa kitu cha miaka 20, na riba inapandisha bei ya uniti hadi LUKU ionekane rafiki. Unatakiwa mkopo mrefu wa riba ndogo, na huo mara nyingi unamfikia mwenye hati ya ardhi au mshahara benki. Muuza juisi hana vyote viwili.

Njia nyingine ni kuuza umeme wa ziada wa mchana kwenye gridi na kuurudisha usiku, ili TANESCO wawe ndiyo betri yako. Kanuni za jambo hilo zipo nchini. Zinamfaa mwenye kiwanda au nyumba yake, mwenye mita inayosoma pande zote mbili. Aliyepanga chumba na kuchangia mita moja na wenzake wanne hazimgusi.

Mama mdogo hatimaye aligawanya kazi. Friza ilirudi LUKU. Paneli ile ya kama wati 130 inaendesha taa zote, feni, simu na redio ya kibandani, na ukikatika umeme usiku genge lake ndilo lenye mwanga. Haiko juu ya bati. Fundi alimchomelea stendi ya chuma, ikawekwa uani upande usio na mwembe, na mnyororo na kufuli kwa sababu ya wezi. Kila Jumapili anaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi asubuhi kabla haijapata moto. Kodi ikiisha mwezi wa sita, anasema, itapanda kirikuu pamoja na friza na kigoda.