Saratani ya utumbo mpana iliyosambaa: maswali ya wauguzaji wa Lamu

Mgonjwa wetu hajapata choo siku tatu. Tumpe haluli au mafuta ya mbarika?

Msimpe kitu kabla ya kujua sababu. Mara nyingi ni mofini, dawa kali ya maumivu: hupunguza mwendo wa utumbo, na mwili hauizoei hali hiyo hata kwa miezi. Ndiyo maana dawa za choo, bisakodili au sena, huanza siku moja na mofini, si baada ya choo kugoma. Lakini uvimbe wenyewe pia huweza kuziba njia. Dalili zake: tumbo kujaa na kukaza, maumivu ya kusokota yanayokuja na kuondoka, hewa kutotoka, na kutapika, mwishowe matapishi yenye harufu ya kinyesi. Hapo haluli ni hatari. Husukuma utumbo uliozibwa, nao huweza kutoboka. Asile, asinywe, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Walio Pate na Faza wawe na mipango ya boti mapema, maana mlango wa bahari wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ni mgumu kupita maji yakipwa.

Mofini si ya kumaliza mtu?

Sivyo. Ile ya maji hunywewa kila saa 4 kwa kipimo alichoandikiwa, hata kama hasikii maumivu. Akingoja yarudi, kipimo kilekile huenda kisitoshe. Kinachotisha ni akiwa haamki vizuri na anapumua polepole: piga simu hospitali papo hapo.

Mfuko wa kinyesi unabanduka kwa jasho. Tufanyeje?

Osheni ngozi kwa maji matupu, kaushieni kabisa. Mafuta ya nazi hapana, gundi haishiki. Tundu la mfuko lizidi stoma (mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo) kwa milimita 2 hadi 3 tu: likiwa kubwa, kinyesi huchoma ngozi. Mwageni ukifika thuluthi. Kikoi kisikaze juu ya stoma. Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu. Ikigeuka nyeusi, hospitali. Kuhusu sala, fikihi ya Kishafi humhesabu kuwa mwenye udhuru: wakati ukiingia atie udhu, asali bila kukawia, na kila faradhi na udhu wake.

Mbona baada ya kemo (dawa za saratani) maji ya friji yanamchoma koo?

Ni oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo. Kwa siku kadhaa anywe ya uvuguvugu, asishike samaki wa barafu bila glavu. Ganzi ikibaki hata vifungo vya kanzu vikamshinda, daktari aambiwe kabla ya duru ijayo ya kemo, ili yeye daktari apunguze dawa. Homa ya nyuzi 38 ni dharura. Msiifiche kwa panadoli.