Sehemu inayotumia prosesa zaidi si lazima iwe ndiyo inayochelewesha programu

Waandishi wengi wa programu huamini kwamba kipimo cha utendaji (zana inayoonyesha kila sehemu ya programu inatumia prosesa kiasi gani) kikishataja sehemu inayotumia prosesa zaidi, chanzo cha ucheleweshaji kimepatikana. Imani hiyo ina msingi, kwani mara nyingi huwa kweli. Hata hivyo, vipimo vingi vya aina hiyo huchukua sampuli za kazi inayofanywa na prosesa pekee, hivyo muda wa kusubiri diski, mtandao au hifadhidata hauonekani. Kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, amri ya time huonyesha muda halisi uliopita kwa saa kando ya muda wa prosesa: programu ya kawaida, isiyogawa kazi yake kwa prosesa kadhaa kwa wakati mmoja, ikichukua sekunde 10 huku prosesa ikitumia 2 tu, zile 8 zimekwenda katika kusubiri (pengine foleni ya prosesa yenyewe), na kuharakisha sehemu iliyotajwa hakutaokoa zaidi ya sekunde 2.