Kuwa na rafiki anayevuta bangi si shinikizo la rika

Siku hizi mwanafunzi akikutwa na misokoto ya bangi kwenye begi, maelezo yanakuwa tayari kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo: "Ni shinikizo la rika." Anasema mwalimu wa nidhamu, anasema shehe kwenye mawaidha, anasema mchungaji, anasema mtangazaji wa redio kati ya wimbo na wimbo. Watu wanatikisa vichwa, ajenda inafungwa, kikao kinahamia kwenye michango ya chakula cha mchana. Neno limeshafanya kazi ya ufunguo wa kufungia mlango, na kilichomo ndani hakuna aliyekiona.

Maana yake haina uchawi. Shinikizo la rika ni pale watu wa umri wako wanapokusukuma, kwa maneno au kwa mwenendo wao, ufanye jambo ambalo ungeachwa peke yako usingelifanya. Basi. Lakini angalia hicho kipande cha mwisho, maana ndicho kinachorukwa kila siku. Ili useme mtoto ameshinikizwa, lazima uwe na namna ya kujua kwamba bila wale wenzake asingevuta. Kuonyesha tu kwamba anavuta na wenzake wanavuta hakutoshi hata nusu.

Kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya Temeke nilishuhudia wanawake wawili wakikaribia kushikana. Watoto wao ni marafiki, na walikutwa pamoja nyuma ya vyoo. Wa kwanza akasimama: "Mwalimu, mwanangu mimi hakuwa hivi. Huyu mtoto wa Mama Side ndiye kamharibu." Mama Side hakusubiri zamu: "Mama Rama, usinichafulie mtoto! Side kaanza kupotea alipoanza kuja kwako." Mwenyekiti akawatuliza kwa kusema wote wawili wana haki, tatizo ni makundi rika. Hapo ndipo niliposhindwa kukaa kwenye benchi vizuri. Kama Rama kaharibiwa na Side, na Side kaharibiwa na Rama, nani alianza? Mtu mmoja hapo lazima alikuja na kitu chake kutoka mahali pengine. Au labda wote wawili walikuwa na hamu hiyo tayari, ndiyo maana katika darasa lililojaa mpaka madirishani wakaonana.

Lugha yetu ina methali mbili juu ya jambo hili, na tunazitumia zote bila kuona kwamba zinapingana. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Halafu jioni ileile tunasema ndege wafananao huruka pamoja. Ya kwanza inadai kwamba ukaribu ndio unaozaa mfanano. Ya pili inadai mfanano ndio unaozaa ukaribu. Wanaofanya utafiti wa vijana na vilevi wamebishana juu ya hizo mbili kwa miongo mingi: ya samaki wanaiita ushawishi, ya ndege wanaiita uteuzi, yaani kijana anachagua marafiki wanaoendana na alivyo au anavyotaka kuwa.

Ugumu ni kwamba ukipita siku moja na dodoso, methali zote mbili zinakupa jibu moja. Wanaovuta wana marafiki wanaovuta. Wasiovuta wana marafiki wasiovuta. Hata dodoso la afya ya wanafunzi lililofanyika Dar es Salaam mwaka 2006, sehemu ya ule mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoendeshwa nchi nyingi, ni la aina hiyo ya siku moja. Linafaa sana kujua hali ikoje, ila halikuambii nani alimfuata nani. Kwa hilo unahitaji kurudi kwa watoto walewale baada ya muda.

Denise Kandel, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 1978, kutoka shule za sekondari za jimbo la New York. Wanafunzi waliulizwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo na tena mwishoni, na marafiki waliotajwa wakaulizwa wao wenyewe. Ndani ya mwaka ule urafiki mwingine ulivunjika, mwingine ukazaliwa, mwingine ukadumu, na hapo ndipo penye utamu. Waliokuja kuwa marafiki mwishoni walikuwa wanafanana hata kabla ya urafiki wenyewe. Walioachana walikuwa tangu mwanzo hawafanani sana. Na waliodumu pamoja wakazidi kufanana. Kwa hesabu yake, uteuzi na ushawishi vilibeba mzigo karibu sawa kwa sawa. Kwa hiyo samaki ana haki yake, lakini tunampa na ya ndege.

Miaka ya 1990 watafiti Karl Bauman na Susan Ennett wakaongeza neno lingine ambalo kila anayetunga dodoso angelibandika ukutani. Ukimuuliza kijana "marafiki zako wangapi wanavuta?", jibu lake limechanganyika na yeye mwenyewe: anayevuta huwa anadhani na wenzake wanavuta. Ukienda kuwauliza hao wenzake moja kwa moja, mfanano unapungua. Ina maana sehemu ya hilo tunaloliita shinikizo la rika limo kwenye kichwa cha aliyeulizwa.

Sasa kuhusu hilo neno shinikizo. Watu wakilisikia wanaona picha ya kijiwe, mabaunsa watatu wamemweka katikati mtoto mpole, mmoja kamshikia msokoto mdomoni, "vuta, au wewe demu?" Yapo hayo, sikatai. Lakini nenda kwenye kijiwe chochote cha Mbagala au Manzese saa kumi na moja jioni uangalie mtoto mgeni anavyoingia. Hakuna anayemwita. Anakaa kwenye ukingo wa benchi, anacheka dakika moja baada ya wengine kucheka, anatumwa kiberiti anakimbia. Msokoto ukizunguka unamruka. Mara ya tatu au ya nne unapomruka, yeye ndiye anayenyoosha mkono. Ukimuuliza kama alishinikizwa atakushangaa, kwa sababu kwa macho yake yeye ndiye aliyekuwa anaomba.

Hilo nalo ni ushawishi, ila ni wa aina nyingine. Jason Chein, Laurence Steinberg na wenzao walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo vijana na watu wazima walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, huku ubongo wao ukipigwa picha. Wakicheza peke yao mambo yalikuwa shwari. Vijana walipoambiwa rafiki zao wanawatazama kutoka chumba cha pili, walianza kukatiza taa nyekundu zaidi, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na raha ya kupata zikachemka zaidi. Watu wazima hawakubadilika. Hakuna rafiki aliyemshika mtu mkono wala kumtukana. Kuwepo tu kulitosha.

Na kuna kudhani. Deborah Prentice na Dale Miller, mwaka 1993, waliwakuta wanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton wakiamini kwamba wenzao wanauchukulia unywaji wa pombe kwa wepesi kuliko wao wenyewe. Kila mmoja ana wasiwasi moyoni, kila mmoja anadhani yuko peke yake na wasiwasi huo. Wote wanamfuata mtu ambaye hayupo.

Mtu ataniambia, mwalimu, haya ni mambo ya wasomi, sisi tunataka watoto waache. Sawa, lakini dawa inategemea ugonjwa. Ukiamini tatizo ni kulazimishwa, utamfundisha mtoto kusema hapana. Marekani walifanya hivyo kwa miaka mingi kupitia mpango wa D.A.R.E., ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, polisi wakaingia madarasani. Watafiti walipoupima tena na tena, wakakuta karibu haukupunguza matumizi ya dawa za kulevya. Aliyekwenda kijiweni kwa hiari yake, hilo "hapana" atamwambia nani?

Kibaya zaidi ni ule mtindo wetu wa kuwakusanya waliokamatwa, wote pamoja, chini ya mwembe, eti wapewe nasaha. Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin waliandika mwaka 1999 kuhusu makundi ya namna hiyo: vijana wenye tabia hatarishi waliowekwa pamoja ili wasaidiwe, baadhi yao walizidi kuharibika, na sigara zikaongezeka. Sababu yake ni ndogo ya kuchekesha. Mmoja akisimulia utundu wake, wengine wanacheka, na kile kicheko ndicho malipo. Hapo samaki anaoza kweli, na kapu tumelisuka sisi.

Halafu kuna vitu ambavyo havina rika kabisa. Mzee anamtuma mwanawe wa miaka kumi: "Nenda kwa Mangi kaniletee sigara mbili na kiberiti." Mangi anatoa moja moja kwenye pakiti iliyofunguliwa, anaweka kwenye kiganja cha mtoto pamoja na chenji. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na wote wawili wanaijua au wangeweza kuijua. Mtoto huyo akianza kuvuta akiwa kidato cha pili, tutamtafuta rafiki wa kumlaumu. Vivyo hivyo viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki. Kabla havijapigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, kifuko kilikuwa kinaingia kwenye soksi na bei yake ililingana na hela ya matumizi ya siku moja ya mwanafunzi. Marufuku haikugusa urafiki wa mtu yeyote. Iligusa ukubwa wa chombo na bei yake, mambo ambayo kwenye vikao vyetu hayana hata ajenda.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wenyeviti wa vikao na wenzangu wa redioni. Ukijua tu kwamba mtoto ana marafiki wanaotumia, sema hivyohivyo: "ana marafiki wanaotumia." Ni sentensi ya kweli na haimkosei mtu. "Ameshinikizwa na rika" iwekeni mpaka mtakapokuwa mmeuliza urafiki ulianza lini na kuvuta kulianza lini. Mama Rama na Mama Side wangeweza kulijibu hilo wakiwa wamekaa.